Mitetea Watano na Jogoo Mmoja

Jumamosi, 7 Machi

Vifaranga sita! Wana wiki tatu, wamejaa kwenye boksi la sabuni. Nimeingia nao nyumbani kifua mbele.

Mke wangu ni msusi. Kibanda cha uani anakitaka kiwe saluni, maana amechoka kusuka wateja jikoni huku sufuria ikichemka. Mimi nakitaka kiwe banda la kuku. Tumekubaliana hivi: yai moja tu likitagwa humo kabla ya jua kuzama Jumapili ya tarehe 12 Julai, kibanda ni changu moja kwa moja. Lisipotagwa, nahamisha kuku na kupaka rangi kuta kwa mikono yangu.

Masikini mke wangu. Hajui anashindana na nani.

Jumapili, 8 Machi

Leo nimewapima. Mbinu ni yangu mwenyewe. Unamshika miguu, kichwa chini, unahesabu hadi kumi. Anayefurukuta ni dume, kwa sababu madume ni wabishi. Anayetulia ni jike.

Watano walining'inia kwa adabu zote. Mitetea watupu! Wa sita alinidonoa kidole hadi damu. Jogoo huyo, na jogoo hatagi. Nikampelekea jirani yangu, fundi cherehani, anayejigamba kwamba amefuga tangu utotoni. Akamgeuza, akamchungulia mabawa, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia achukue tu, mimi si mchoyo. Alishukuru mno. Watu wengine hufurahia vitu vidogo.

Jumamosi, 23 Mei

Mmoja wa mabinti zangu anakohoa. Kikohozi kirefu, cha alfajiri, shingo ameinyoosha.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Dada muuzaji akaniomba niigize. Nikaigiza, kwa sauti, mbele ya wateja. Akasema pole sana kaka, dawa ya kumzuia jogoo asiwike hana. Mtoto wa juzi, atajua nini? Nimemchemshia mgonjwa tangawizi.

Jumatatu, 29 Juni

Sasa wanakohoa wanne. Tena wana upanga mwekundu kichwani na mikia iliyojikunja kwa majivuno. Mke wangu amekuja na futi kamba yake, anapima dirisha la kibanda huku akipiga mluzi.

Nimekubali, shingo upande, kwamba hao wanne huenda si mitetea kamili. Lakini yupo Mkimya! Hajawahi kutoa sauti. Ana haya, macho chini. Nahitaji yai moja tu, na wa kulitaga yupo. Nimemtandikia nyasi laini, nikamtundikia fulana yangu kuukuu iwe pazia.

Ijumaa, 10 Julai

Mkimya amewika. Mara tatu.

Niliketi juu ya ndoo, nikashika tama. Nilikuwa nimeshampenda. Nimeumia kweli.

Jumapili, 12 Julai

Saa kumi jioni mke wa fundi alipiga hodi. Mkononi ana kitambaa. Yule "jogoo" wangu anataga wiki nzima sasa! Wamenikumbuka kwa yai moja, kunishukuru.

Nilitaka kuudhika, ila yai lilikuwa na joto. Limetoka sasa hivi! Akili ikaanza kufanya kazi. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kibandani, nikalifukia kwenye nyasi, nikamkalisha Mkimya juu yake kwa nguvu, nikapiga vigelegele.

Mke wangu akaja. Akaliona. Akalishika, akaligeuza kiganjani. Kisha akanipa mkono, akasema ameshindwa, kibanda changu, na yai la kwanza atanikaangia mwenyewe kwa heshima. Nilijiona mfalme!

Akaligonga kwenye ukingo wa kikaango. Akaligonga tena. Ganda likabanduka vipande vipande. Yai lilikuwa limechemshwa, limeiva hadi kiini.

Akaniuliza kwa upole kabisa kama Mkimya anatumia jiko letu au la jirani. Halafu akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Jumamosi, 25 Julai

Saluni imefunguliwa. Kuta nimepaka mimi, rangi ya waridi, na kusema kweli zimependeza. Wateja wamejaa hadi kwenye kizingiti. Mke wangu anaimba akisuka. Sikuwa nimemsikia akiimba siku nyingi, na nimefurahi kuliko nilivyokusudia.

Mchana alikuja mteja mjamzito. Nikamtazama anavyopanda ngazi, mguu gani unatangulia. Kushoto! Nikamwambia bila kusita kwamba ni wa kike, aanze kununua magauni.

Akacheka, akasema shemeji, daktari ameshampima kwa mashine: ni mapacha, wote wa kiume.

Nilimhurumia. Nimemshauri atafute daktari mwingine, na magauni anunue mawili.