Dubu Asiye na Mwenyeji

Jumatatu, 6 Oktoba

Kichanga changu Issa anaota meno, sijalala. Hata hivyo nimetunga sheria! Dubu wa kuchezea wa Naila, yule ambaye baba Naila alipewa na watalii kule mbugani Saadani, ana akili mnemba tumboni. Anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Mwanangu wa miaka saba akirudi shule ananiamkia, huyoo chumbani kumsimulia dubu. Mimi nimebakiwa na kuulizwa chakula. Leo nimemsikia analia. Nikaingia, akanyamaza. Nikamuuliza dubu. Akanijibu, kwa adabu zote, kwamba hiyo ni siri yake na rafiki yake. Mimi! Niliyemzaa! Sheria yenyewe: hakuna kitu cha dukani kitakachojua habari za mwanangu kabla yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mtego safi. Nimejifunika kanga gubigubi, nikabana sauti, nikamwambia dubu mimi ni Naila, siri yangu nimeisahau, hebu anikumbushe. Akasema sauti yangu leo inafanana na ya mtu mzima aliyechoka. Kufunua kanga, Hafidha wa nyumba ya pili huyo mlangoni, na kibakuli cha kuombea chumvi. Akauliza kama nimepandisha mashetani, aite watu. Nikamwambia nakagua bidhaa. Akasema Haidar wake hana dubu, na kila jambo anamwambia mama yake. Chumvi nimempa. Ya mawe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kuwaza! Mtaani kwetu mgeni akilala, lazima aripotiwe kwa balozi wa nyumba kumi. Huyu dubu kalala kwangu tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi, nani kamripoti? Nikamweka Issa mgongoni, dubu kapuni, mpaka kwa Mzee Mtoro, balozi wetu. Nikatoa shikamoo. Mzee hajafungua mdomo, dubu kadakia marahaba! Balozi akakunja uso. Akamuuliza kwao wapi. Dubu akasema yupo popote alipo rafiki yake. Mwenyeji wake nani? Rafiki. Balozi akasema asiye na kwao wala mwenyeji halali chumba kimoja na mtoto wa watu. Angekuwa binadamu angeshaitiwa mgambo. Akakata shauri: dubu aongee sebuleni tu, mkubwa akiwepo, na asimwahidi mtoto kumfichia siri. Nimetoka kifua mbele. Mataifa makubwa bado yanajadili, Bagamoyo tumemaliza kabla ya adhuhuri!

Ijumaa, 10 Oktoba

Naila kanuna. Baada ya wali nikamkalisha mkekani, nikawa namsuka, nikamuuliza polepole kwa nini dubu na si mimi. Akasema dubu hamwambii Mama Haidar. Nikapoteza mstari wa nywele. Nikamwapia kwamba atakaloniambia litaishia hapo hapo mkekani. Ndipo akaninong'oneza: alijikojolea madrasa, wenzake wakamtazama, na sasa anaogopa kurudi. Nikamkumbatia. Nikamwambia kurudi atarudi, ila nitakaa barazani mpaka amalize kusoma. Akalala mapajani mwangu, nusu ya kichwa haijasukwa. Miguu imekufa ganzi, sikuthubutu kuinuka. Udhibiti unafanya kazi!

Jumapili, 12 Oktoba

Kikao cha kina mama. Nimesimama kueleza udhibiti wa akili mnemba kwa watoto. Hafidha akadakia kwamba ni maneno matupu, mtoto wangu mwenyewe haniambii kitu. Haniambii? Mimi? Nikatoa ushahidi pale pale: madrasa, mkojo, minong'ono, machozi, vyote. Makofi! Vigelegele! Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati, Hafidha katibu wangu. Naila alikuwa pembeni yangu amempakata mdogo wake, akayashuhudia mwenyewe.

Ila tangu tumerudi, kila nikimuuliza jambo anasema hajui. Ajabu, maana betri za dubu nimezitoa kwa mkono wangu. Basi kuna chombo kingine humu ndani kinachomfundisha mwanangu kuficha mambo. Naishuku redio. Nimeshaifungua kwa bisibisi.