Shangazi Tulia na Suala la Viatu

Jumatatu, 2 Juni

Mhariri mpya ameniita ofisini kwake. Binti mdogo, miwani mikubwa. Amenieleza kwa adabu nyingi kwamba safu yangu imechakaa. Adabu hiyo ndiyo iliyonitisha.

Kwa miaka mingi mimi ndiye Shangazi Tulia, mshauri wa wanawake katika jarida letu. Wasomaji hawajui kwamba Shangazi ana masharubu. Mhariri anajua, lakini kinachomkera ni maneno yangu. Alinisomea machache: "mtii mumeo", "pambo la nyumba", "mpokee kwa tabasamu". Akauliza kama mimi mwenyewe nina pambo nyumbani. Nikamjibu kwamba mke wangu ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni; hurudi baada yangu, na mimi ndiye ninayemfungulia mlango. Alivua miwani, akanitazama. Sijui alichokiona.

Nimepewa toleo moja. Wasomaji wakinuna tena, safu inakwenda kwa mtu mwingine. Shangazi afe mimi nikiwa hai! Haiwezekani.

Jumanne, 3 Juni

Nina mpango. Nitabadilisha maneno, ushauri ubaki uleule.

Kazi yangu huifanya hivi: nasoma mistari miwili ya kwanza ya barua, naujua ugonjwa, navuta mtoto wa meza na kutoa jibu la zamani lililo tayari. Haijatokea barua iliyonilazimu kufika mstari wa tatu. Basi leo "mtiifu" amekuwa "anayejiamini". "Pambo la nyumba" limekuwa "nguzo ya nyumba". Nikaandika: "Jiamini, dada yangu, kisha unyamaze." Nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Mhariri alirudisha karatasi kabla chai haijapoa. Pembeni ameandika: "Nguzo nayo haina mdomo."

Jumatano, 4 Juni

Bahati. Barua imeanza hivi: "Mimi ni dereva wa lori. Nikirudi nyumbani nimechoka, napokewa kwa manung'uniko."

Dereva wa lori! Mwanamume mwenzangu. Sikusoma zaidi. Nikatoa jibu ninalolipenda kuliko yote: "Wewe ndiye unayetafuta riziki. Mkeo akupokee mlangoni kwa tabasamu, akuvue viatu, wala asikuletee malalamiko kabla hujala."

Nikampelekea msahihishaji wetu, tunayemwita Kifutio. Akaniuliza kama nimeisoma barua yote. Nikamwambia nilikuwa nikisoma barua za watu yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Akasema sawa, mzee, atarekebisha palipoteleza.

Ijumaa, 6 Juni

Jarida limetoka. Nimefungua ukurasa wangu, nikatafuta kiti.

Dereva ni mwanamke. Ameeleza wazi kwenye mstari wa tatu. Kifutio, akidhani kalamu imeniteleza, amegeuza kila "mkeo" kuwa "mumeo". Kwa hiyo Shangazi Tulia anaamuru wanaume wakae mlangoni na kuwavua watu viatu!

Nilikuwa nakwenda kumshika Kifutio shati wakati simu zilipoanza. Wanawake walicheka hadi wakashindwa kusema. Mmoja amelibandika jibu langu kwenye friji. Kisha Mhariri akaja kunipa mkono. Alisema nimetumia maneno yaleyale tuliyowaambia wanawake miaka yote, nimeyageuzia kibao tu, na sasa kila mtu ameona yalivyo. Aliuita ujasiri.

Nilifikiria kumwambia ukweli. Sikufikiria sana. Nikasema ni uzoefu tu, mwanangu.

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu amerudi kutoka kiwandani na hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, jarida kwapani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anangoja tabasamu.

Anamjua Shangazi vizuri. Amelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Akanyoosha mguu.

"Baba watoto, si umeandika mwenyewe?"

Viatu vya kiwandani vina kamba ndefu, na sabuni ilikuwa imekauka kwenye mafundo. Magoti yangu yalilia kama bawaba. Nikaanza kumweleza habari za Kifutio na mstari wa tatu. Akainua kidole. Hajala bado.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa limekuja kwa miguu. Mume wa dereva yuko ofisini, anamtaka Shangazi. Kifutio, msaliti, akaninyooshea kidole. Nikasema Shangazi amesafiri, mimi ni kaka yake.

Mtu mpole, fundi saa, anafanyia kazi nyumbani. Akaeleza kwamba hakuwahi kugombana na mkewe. Nung'uniko lake lilikuwa moja tu: mke akirudi anakula na kulala, hawazungumzi. Sasa Shangazi amemkataza kusema kabla mke hajala, na mke akishakula anasinzia. Viatu anavua. Tabasamu anatoa. Lakini ni siku ya tatu sasa hajamsikia mkewe akicheka. Afanyeje?

Mdomo wangu ukajibu wenyewe: vumilia, bwana.

Akanitazama kwa huruma.

"Mzee, hilo neno nyinyi mmewahi kulijaribu, au mnaliandika tu?"

Akaondoka. Nilikosa raha. Neno hilo nimewaandikia wanawake wasio na idadi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi mbele yangu. Kwa kitambo kidogo nilikuwa karibu kabisa kuelewa jambo fulani. Kisha Mhariri akaingia na habari njema. Safu imebaki yangu, tena nimeongezewa ukurasa mzima.

Jumanne, 10 Juni

Ukurasa mzima ni barua nyingi. Lakini nina mpango! Mtoto wa meza amejaa majibu ya miaka yote. Nitageuza "mke" kuwa "mume" na kinyume chake. Sitaandika jibu jipya hadi nistaafu.

Barua ya kwanza: "Mimi ni muuguzi. Nikitoka zamu ya usiku, mwenzangu anataka nimpikie." Muuguzi. Maskini, binti wa watu! Sikusoma zaidi. Nimeandika: "Dada yangu mpendwa, mwambie mumeo aingie jikoni."

Kifutio ameisoma barua hadi mwisho, akakohoa, akauliza kama nina hakika na hilo neno "dada". Nimemkataza asiguse hata herufi moja.

Naishia hapa. Mlango unabishwa, nami sijaliandaa tabasamu.