Kipande cha Reli

Jumanne, Julai 8, 2025
Baridi na ukungu. Nimeamka kabla ya saa kumi na mbili, kama kawaida. Kituoni kwangu, kule pembeni mwa Nairobi, saa hii ningekuwa nimeshika nyundo. Saa kumi na mbili na dakika kumi ningegonga kipande cha reli, na treni ingeondoka na makarani na akina mama wa mboga. Miaka ishirini na tisa! Kituo kikafungwa, nyumba yangu ikavunjwa. Nilirudi Meru na kipande hicho tu. Kisha nikamwazimisha jirani yangu Nthiga, mzee wa kanisa, kiwe kengele. Mjinga mimi! Anakigonga Jumapili, tena kwa kuchelewa dakika saba. Nimepima.

Jumatano, Julai 9
Nimempelekea ringi la gurudumu la lori kutoka Makutano, tubadilishane. Amegonga mara moja, akasikiliza. Akasema, Mzee Stesheni, hiyo ni sufuria, waumini watakuja na vikombe. Nimelirudisha nyumbani kwa mkokoteni. Binti yangu Zuleka amecheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, Julai 10
Kipande hakiji kwangu, basi nimekifuata kanisani. Saa kumi na mbili na dakika kumi kamili, nimegonga polepole, kama zamani. Ee Mola, sauti ileile! Nikafumba macho, nikaona jukwaa la kituo, bomba linalovuja, Mwanamisi muuza maandazi akikimbia na kikapu, akinisihi nimzuilie treni.

Nilipofumbua macho, uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu. Kumbe hapa kengele ikilia siku isiyo ya ibada, kuna aliyekufa! Jirani yetu Karimi alikuwa na mzigo wa kuni, wengine maziwa. Aliyekosekana ni Nthiga peke yake, kwa hiyo wakaenda kwake wakilia. Akatoka na blanketi, akauliza amekufa nani. Karimi akamjibu, si ni wewe!

Lakini wote walifika ndani ya dakika sita. Sijawahi kupata abiria kama hao.

Jumapili, Julai 13
Nthiga amekileta kipande mwenyewe na kulichukua ringi. Amesema, shika, Mzee Stesheni, lakini uniapie hutakigonga. Nimeapa, Zuleka akiwa shahidi. Nimekitundika nje ya dirisha langu. Asubuhi nzima sufuria imeita waumini.

Kesho Jumatatu, siku ya abiria wengi. Nyundo nimeivisha soksi mbili. Hiyo haitakuwa kugonga. Itakuwa kubisha hodi.