Baridi ya Gervais

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya Base Camp, katikati ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na Gervais alikuwa amemaliza chai bila kumdanganya mtu hata mmoja. Alianza kuogopa kwamba anaumwa. Ndipo akamsikia Kampire akilia juu ya ndoo zake.

Kampire alikuwa mfugaji wa Kakiika, kule Mbarara, na kila wiki alileta maziwa na yogati sokoni. Siku hiyo joto la njiani lilikuwa limeyafikia mapema kuliko wateja.

“Banange! Yogati yangu imekuwa jibini!” alilalamika. “Mtu akinipa gari yenye baridi ndani, mimi nampa mitamba wawili. Leo leo!”

Mitamba wawili! Gervais akakaa wima. Mama Adélaïde, mzazi wa Pascaline, alikuwa amemwambia waziwazi: mahari ni mitamba wawili kabla ya Jumapili kwisha, ama Pascaline ataposwa na Térence mwenye mashine ya kusaga, mwanamume asiye na kasoro ila unga kwenye nyusi. Na Gervais alimpenda Pascaline bila hila yoyote. Hisia hiyo ilikuwa ngeni kwake, ikamkosesha usingizi kama kiatu cha kuazima.

“Maman,” akasema akiinama kwa adabu, “machozi ya nini, na mimi nipo? Niko na gari yangu, Ipsum. Klima yake, mtu anavaa koti.”

Ipsum ilikuwepo kweli. Klima, yaani kiyoyozi, nayo ilikuwepo, ila gesi yake ilikuwa imetoroka zamani kupitia tundu fulani ambalo Gervais hakuwahi kulitafuta. Kutafuta tundu kunataka mtu alale chini ya gari, na Gervais alikuwa mtu wa shati jeupe.

“Nipe nafasi niioshe kidogo,” akasema.

Hakuosha kitu. Alikimbilia kwa muuza samaki, akaazima chupa za maji zilizokuwa zimeganda kwenye friza katikati ya samaki aina ya ngege. Akachomoa kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, akazipanga nyuma yake, mahali feni inapopulizia, akarudishia kila kitu na kujipangusa jasho kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mzunguko mmoja wa soko, mkono wa makubaliano, kwaheri.

Kampire akaingia, akafunga vioo. Feni ikanguruma. Upepo baridi ukampiga usoni.

“Eh! Ssebo, hii ni kweli!” Kisha akanusa. “Lakini inanuka samaki.”

“Ni gesi mpya, maman. Ile ya zamani ilikuwa inanuka vibaya zaidi.”

“Kale, sawa. Basi endesha.”

“Tuzunguke soko?”

“Soko la nini? Mitamba wako Kakiika. Twende ukawaone.”

Wasomaji waliowahi kubeba barafu juani wataelewa kwa nini Gervais alimeza mate. Mbarara haikuwa karibu, na barabara ya vumbi haina huruma kwa gari wala kwa mwongo. Akaendesha kama anayekimbiza mgonjwa. Kwenye mashimo hakupunguza mwendo. Kampire akawa anaruka kitini huku akimsifia hali ya hewa.

Kabla hawajaifikia lami, upepo ulikuwa umelegea. Kisha maji yakaanza kumdondokea Kampire kwenye vidole vya miguu.

“Ssebo, gari yako inakojoa.”

“Hapo ndipo utajua klima ni nzima!” Gervais akasema. “Klima nzuri lazima itoe maji, uliza fundi yeyote.”

Huo ulikuwa ukweli pekee aliousema juu ya klima siku ile, na hata huo aliukata nusu: maji hayo hudondoka chini ya gari, si juu ya viatu vya abiria. Kampire hakubisha. Alikunja tu gauni lake, akasogeza miguu.

“Umesema fundi yeyote? Ngoja tumuulize Patient.”

Patient alikuwa Mkongo wa Kivu Kusini, fundi mwenye karakana ndogo pale mwanzo wa Kakiika. Alifungua kile kisanduku, akavuta. Chupa zikamwagika sakafuni moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa na gamba la ngege.

Gervais akaitazama chupa kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni.

“Wacha,” Kampire akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele. “Ugonjwa ni ugonjwa. Patient, angalia klima inaumwa wapi.”

Patient akainua boneti. Kwenye kiungo kimoja cha bomba palikuwa na uchafu mweusi wa mafuta. Akaongeza gesi kidogo, akapaka povu la sabuni. Pale pale kwenye uchafu, povu likavimba na kupasuka, likavimba tena. Tundu lenyewe! Kipete cha mpira kilikuwa kimechakaa. Ni kitu kidogo kuliko pete ya mtoto, na unakinunua ukibakiza nauli.

Patient akafungua mdomo aseme hivyo. Kampire akajikuna sikio. Patient alikuwa amemtengenezea huyu mama magari tangu zamani, akaufunga mdomo, akaufungua upya na uso wa msiba.

“Papa, pole sana. Motere ya baridi ilisha kufa. Mabomba yote yameoza. Hii ni kazi mingi, mingi kabisa. Mi ningekuwa weye, ningeipeleka fasi ya vyuma chakavu.”

“Yote imekufa?” Gervais akauliza. Alikuwa na elimu ya kuuza gari, si ya kulijua.

“Yote. Na hii povu unaona, ni roho yake inatoka.”

Kampire akapumua kwa huzuni. “Wawili siwezi tena, ssebo. Lakini mimi ni mama, nina huruma. Chukua mtamba mmoja, uniachie hiki chuma. Au turudi Base Camp nikawaonyeshe watu hizi chupa.”

Gervais akachukua mmoja. Akampakia kwenye lori la matoke lililokuwa linarudi kambini tupu, na njia nzima akajipongeza kwamba amemwachia yule mama maiti.

Jumapili baada ya misa alimfikisha mtamba kwa Mama Adélaïde, akiwa ameandaa hotuba ndefu ya kueleza aliko wa pili. Hakufika mbali. Ipsum ikaingia uani na Kampire ndani yake, imeoshwa, vioo vimefungwa, imemletea Mama Adélaïde yogati nzito kama ilivyotoka Kakiika.

“Ingieni garini mkimbie jua,” Kampire akawakaribisha. Mama Adélaïde na Pascaline wakaingia. Baada ya muda mfupi kioo kikashuka kidogo, ukatoka ubaridi uliomfikia Gervais pale alipo.

“Gervais,” Mama Adélaïde akaita, akijifunika kitenge mabegani. “Huyu mama anasema gari hii ilikuwa yako. Umeitoa kwa mtamba mmoja? Gari yenye baridi hivi? Niambie, weye ni mjinga ama gari hii uliiba?”

Kampire alitabasamu tu. Gervais akaangalia kila upande wa sentensi hiyo, hakuona mlango wa tatu. Akamtazama Pascaline, aliyekuwa ameziba mdomo kwa kicheko.

“Ni mjinga, maman,” akasema. “Mjinga kabisa.”

“Mama, mjinga hafai?” Pascaline akauliza haraka.

Mama Adélaïde akafikiri. “Mwizi ningemfukuza. Mjinga anafundishika. Sikia, mwanangu: Térence nitamwambia asubiri. Mtamba wa pili atazaliwa hapa hapa, na weye ndiye utamchunga mama yake. Kila siku. Na hilo shati uliache nyumbani.”

“Na akizaa dume?” Gervais akauliza.

“Utachunga tena,” Mama Adélaïde akasema, akapandisha kioo.