Gari Lililonyweshwa Maziwa

Jamani, leo aibu imenikuta mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa shati la pasi.

Kazi yangu mnaijua. Naosha magari hapa Nyamirambo, tangu wazazi walipofariki nami nikaacha shule. Siku hizi kila mtu mjini ana kofia ya chama chake. Mimi chama changu ni wadogo zangu wanne, na wote ni wajumbe wa kula.

Sasa, Mzee Alphonse ana Mercedes nyeusi ya zamani, yenye viti vya ngozi. Leo alikuwa anakwenda Kicukiro kumposea mwanawe. Jana akaniambia: "Yusufu, ikipendeza kesho, kazi ya kuitunza ni yako. Kila mwezi."

Mshahara wa kila mwezi! Usingizi ulikuja kwa shida.

Asubuhi akanipa maagizo: "Rangi uioshee kivulini. Halafu viti. Ngozi imekauka, uipake lait." Akaingia ndani kuvaa.

Rangi niliimudu. (Hapo sina mpinzani.) Nilianzia juu nikashuka chini, mchanga usikwaruze. Nikakausha kwa kitambaa laini, nikapaka nta, nikasugua mpaka nikayaona meno yangu kwenye boneti.

Ikabaki lait. Shule niliacha mapema, lakini Kifaransa cha maziwa nakijua! Nikawaza: ngozi ni ya ng'ombe, maziwa ni ya ng'ombe, hapo kuna tatizo gani? Nikakimbia nyumbani, nikachukua maziwa ya wadogo zangu.

"Leo mtakunywa chai ya rangi," nikawaambia. "Tunatafuta mshahara."

Nikapaka viti vyote kwa sponji, mpaka ndani ya mishono. Vikang'aa!

Wakati wa kurudisha ndoo kwenye buti nikakuta chupa nyeupe ya krimu inayonukia vizuri. Nikajua ni losheni ya Madamu, mke wa Mzee. Nikajipaka kidogo mikononi na shingoni. (Kidogo cha nusu chupa.)

Tukaondoka. Mzee alinichukua ili nifute vumbi tukifika. Kicukiro akaliacha gari juani, vioo vimefungwa, akaingia kwenye mazungumzo ya posa. Nami nikafuta vumbi, nikisimama mahali ambapo kila mtu angejua nani kaling'arisha.

Yalikwenda vizuri mno. Baadaye wote wakatoka kulitazama gari. Msemaji wa upande wa binti, mzee mwenye fimbo na maneno mengi, akalizunguka.

"Alphonse, hii rangi ni kioo!"

"Karibu, mzee, jaribu na viti," Mzee akajibu, kifua mbele.

Msemaji akafungua mlango. Harufu ikatoka kwanza. Nzi wakaingia kabla yake.

Akarudi nyuma, fimbo puani. "Alphonse! Tulisema ng'ombe wa mahari waje baadaye. Kumbe umekuja nao humu ndani!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Yusufu. Uliweka nini?"

"Lait, Mzee. Kama ulivyosema."

"Lait gani?"

"Ya leo asubuhi. Haina hata tone la maji."

Akafumba macho. "Lait ya ngozi iko kwenye buti! Chupa nyeupe!"

Jua likanipiga. Mzee akaitazama mikono yangu, akapanda mpaka shingoni.

"Na wewe mbona unang'aa hivyo?"

Msemaji akanigusa kiwiko kwa kidole. "Mwache. Huyu hata akifika miaka mia hatapasuka ngozi."

(Bibi harusi mwenyewe alikuwa dirishani. Alicheka mpaka akashika pazia.)

Kisha msemaji akainua fimbo. "Ndugu zangu, nyumba inayonywesha hata gari maziwa, binti yetu hatalala njaa huko. Mchukueni!"

Tulirudi vioo vimeshushwa. Tulipokaribia Nyamirambo ndipo Mzee akafungua kinywa: "Kesho uje uoshe viti. Na kesho kutwa. Utakuja mpaka harufu iishe."

Mliowahi kumwaga maziwa garini mnajua harufu hiyo haina mpango wa kuisha. Kwa hiyo kazi nimeipata.

Ila msicheke kwa sauti. Wadogo zangu wamekaa hapa wananinusa mikono, wananiuliza kwa nini nanukia kama kiti.