Somo Nililolifundishia Dirishani

Wenzangu, leo nimefedheheka huku chaki nimeishika mkononi.

Mnajua nilivyousubiri mtihani huu. Miaka mitatu nimekuwa msaidizi wa Mwalimu Petro hapa shuleni Ihumwa: nafagia, nafuta ubao, nafundisha wadogo. Somo moja tu mbele ya mkaguzi wa Kijerumani! Likimpendeza, napelekwa chuoni pwani, narudi mwalimu kamili. Likimchukiza, ufagio wangu upo pale pale.

Asubuhi mkaguzi akashuka kwenye gari la moshi. Darasa tupu! Watoto wote wako mashambani wanafukuza ndege kwenye uwele. Mwalimu Petro akatoka mbio, akarudi na kila aliyemkuta akielekea kisimani. Mabenchi yakajaa. Nikaingia na tabasamu langu la kialimu (nimelifanyia mazoezi wiki nzima).

Benchi la mbele kakaa nani? Mama yake Madeje. Mama wa binti ninayemposa!

Ninyi Wagogo wenzangu hamhitaji maelezo. Mkwe hatazamwi usoni. Tukikutana njiani, mimi huingia vichakani mpaka apite. Darasani vichaka nitavitoa wapi? Yeye naye, maskini, akajifunika kaniki kichwa kizima.

Nikaugeukia ubao. Nikaandika a, e, i, o, u, nikazitaja moja moja, mara tatu tatu, nikiufundisha ukuta kwa bidii kubwa.

"Mwalimu," akasema mkaguzi, "wanafunzi wako huku."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi geuka!"

Nikageuka. Macho nimeyafumba. (Msicheke bado.)

"Yule aliyejifunika aje asome ubaoni."

Nikasikia mkwe anainuka. Nikasikia hatua zake. Nikarudi kinyumenyume, kisigino kikakwaa kizingiti, nikajikuta nje, chali, katikati ya mbuzi!

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua ualimu basi tena. Lakini miaka mitatu, jamani! Nikajikung'uta vumbi, nikasimama kando ya dirisha, mgongo ukutani, nikapaza sauti:

"Mama uliye ubaoni, soma herufi ya kwanza!"

"A!" Sauti ikatoka ndani ya kaniki.

"Inayofuata!"

Akazisoma zote tano. Hakukosea hata moja, na darasa zima likawa linamfuatisha.

Mkaguzi akatoka anajifuta machozi ya kicheko. Mwalimu Petro alikuwa amekwisha kumweleza mila yetu.

"Nimeona walimu wengi wakiwatoa wanafunzi nje," akasema. "Wewe umejitoa mwenyewe, nao wamejua kusoma. Mwezi ujao unakwenda chuoni."

Jamani, nitakuwa mwalimu! Mpaka sasa mgongo unaniuma kwa ule mwanguko.

Ombi langu ni moja: msinitanie kwa barua. Mkwe kesho anarudi darasani, na ameapa kuzimaliza herufi zilizobaki kabla majibu yenu hayajafika.