Kilima cha Yule Bwana

Kwako Bwana Mkubwa wa Wapima Ramani, Iringa.

Huna haya! Umesoma miaka yote hiyo, halafu unaichafua ramani ya Serikali. Salamu utazipata mwishoni, ukizistahili.

Mimi ni Atuganile, Mnyakyusa wa Mbeya niliyeolewa na Mhehe hapa bonde la Ruaha, mnaposema litakuja bwawa. Naandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima nimehudhuria miezi minne, usiniletee maneno.

1. Kijana wako Timotheo alikuja na darubini yake ya miguu mitatu, akachomeka kigingi katikati ya matuta yangu ya viazi. Nimesamehe. Kigingi nafungia mbuzi. Mbuzi akiking'oa nakirudisha palepale, au karibu na pale.

2. Juzi mkutanoni karani alisoma kutoka ramani yenu orodha ya makaburi yatakayohamishwa kabla ya maji. Akaita, "Kilima cha Yule Bwana! Wenyewe wako wapi?" Watu walicheka mpaka machozi. Shemeji yangu Jailos, mzee mzima, akadakia, "Bwana yupi tena, jamani?" Karani akaandika: hakina wenyewe.

3. Kina wenyewe! Ni kilima cha baba mkwe wangu, kinaitwa kwa jina lake tangu alipokifyeka. Amezikwa pale, na mume wangu ubavuni kwake. Sasa wanazamishwa kwa sababu mpimaji kaandika upuuzi. Afukuzwe. Aliyemfundisha afukuzwe. Na wewe anza kufunga mizigo.

Msalimie mama watoto, karani, na wote wanaokuvumilia hapo ofisini.

Ni mimi mwenye makaburi mawili,
Atuganile

Nyongeza: Timotheo msimfukuze. Aliniuliza kwa adabu, "Bibi, kilima hiki kinaitwaje?" Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hata kama mzee ameshakufa. Nikamjibu, "Ni cha yule bwana." Akaandika, mtoto wa watu. Na mkutanoni nilikuwepo, nimekaa mbele kabisa, mdomo nimeuziba kwa kanga. Miaka arobaini najisifu kwamba hakuna mkwe mwenye heshima kama mimi, kumbe heshima yangu ndiyo inamzamisha mzee wa watu. Hata hapa nimejaribu kuliandika jina lake mara tatu, mkono umegoma. Basi mtume Timotheo kesho asubuhi kwa Jailos, aambiwe jina, aliandike kwa wino, na karani asome orodha upya. Mimi asiniulize kitu.